Kishikio Kushoto

Wifi yangu ana jicho. Sisemi jicho la husuda, ingawa siku za mwanzo alipoolewa na kaka yangu nilimsingizia hata hilo, maana wifi ni wifi na utani ni haki yangu. Nasema jicho la kazi. Mpe kikombe kipya, akigeuze mara moja tu dirishani, atakuonyesha ufa ambao wewe na miwani yako huuoni. Kiwandani walimpa jina la Jicho, na limemganda kiasi kwamba wageni hudhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Kiwanda chetu kinatengeneza vikombe vya chai vya udongo mweupe. Vikitoka kwenye tanuri vinapita meza ya uchambuzi, ambako wanawake watano hukaa kuelekea dirishani, kila mmoja anaokota kikombe, anakizungusha, anaamua kama ni kizima au kibovu. Mimi ni mfungaji. Nasimama mwisho wa meza, vizima natia kwenye maboksi, vibovu natupa pipani. Feni za tanuri zinanguruma kutwa kucha, ukitaka kumwambia mtu kitu lazima upaze sauti kama mpiga mnada, na nani ana koo la kufanya hivyo kwa kila kikombe? Kwa hiyo tulijiwekea lugha yetu. Kikombe kizima kinawekwa kwenye trei kishikio kikielekea kulia. Kibovu, kishikio kushoto. Hakuna aliyefundishwa. Unaingia kazini, unaona wenzako wanavyofanya, baada ya muda mkono unafanya wenyewe bila kukuuliza. Mimi nilikuwa siviangalii hata vikombe. Naangalia vishikio.

Mkubwa wa meza ni Bi Kengele. Yeye haamini macho peke yake. Kikombe akikitilia shaka hukiinua hadi sikioni, akakigonga kwa ukucha. Kizima hulia tiii, kikavuta. Chenye ufa husema to, basi, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Anasikiaje katikati ya ngurumo ile, ni siri yake na Muumba wake. Ndiye aliyemfundisha wifi kazi. Alimlea pale mezani kama bintiye, akamkingia kifua alipokuwa anavunja vikombe vingi kuliko anavyochambua.

Na wifi ana sababu ya kuuchukia ufa. Mama yetu, yaani mkwewe, ana kovu pajani la siku kishikio kilipobaki mkononi na chai ya moto ikamwagika yote. Wifi ndiye aliyemuuguza. Alibadilisha bandeji asubuhi na jioni huku mama akimtukana kwa uchungu, naye akijibu, "Haya mama, nimesikia mama." Tangu wakati ule utani wangu kwake ulipungua makali.

Halafu ikaja mashine. Meneja alitukusanya karibu na dirisha akatueleza: kuna mkono wa roboti, kuna kamera, kuna mkanda wa kupitishia vikombe. Wauzaji wameileta kwa majaribio. Mmoja wetu kutoka meza ya uchambuzi atapelekwa chuo cha ufundi kujifunza kuiendesha. Mashine ikifaulu mtihani, huyo aliyesoma atapewa ajira ya kudumu na meza itavunjwa. Vijana watahamishiwa chumba cha rangi, na wenye umri, hapo meneja alikohoa, wataagwa vizuri. Ikifeli inarudishwa kwa wauzaji, na meza inabaki kama ilivyo. Wote tulimtazama Bi Kengele. Yeye alikuwa anatazama nje.

Wifi akanyoosha mkono.

Msimwone mroho. Kaka yangu alianguka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ukaungwa vibaya, daktari akasema lazima ufunguliwe upya. Sisi wote pale mezani ni vibarua, na kibarua akiumwa hujitibu kwa dua. Mwenye ajira ya kudumu anatibiwa yeye na familia yake. Kaka alikuwa anatembea kwa gongo, anapika, anafua, anatania kila mtu, lakini alikuwa anajifunika shuka usoni asubuhi ili watoto wasione anavyouma meno. Wifi alikuwa anaona. Si ana jicho?

Bi Kengele alinuna, akanuniwa na nafsi yake mwenyewe, mwisho akaja na kumwambia wifi kwamba bora aende yeye kuliko aletwe mtu baki asiyejua hata chai inanywewa wapi. Mambo yakaishia hapo.

Chuoni wifi alikaa na vijana ambao angeweza kuwazaa. Mwalimu wao alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, asiyependa haraka. Kila wifi akirudi nilikuwa napita kwake kusikia habari, na kucheka, nisifiche. Siku ya kwanza aliuambia mkono wa roboti uende kwenye kikombe, basi. Ukaenda kwa kasi yote uliyopewa, ukakinyakua, ukasimama ghafla, kikombe kikaendelea na safari hadi ukutani. Mwalimu hakumgombeza. Alimuuliza mtoto aliyelala unampokezaje mwenzako. Wifi akafikiri: unaanza polepole, katikati unaongeza, mwishoni unapunguza tena mpaka mwenzako ameshika sawasawa. Mwalimu akamwambia aupangie mkono mwendo huohuo, pa kuanzia kasi na pa kuishusha. Jioni ile nilimkuta jikoni anahamisha vikombe vya mama kutoka meza hii kwenda ile, macho kayafumba nusu, na kaka anamwuliza kama siku hizi ameolewa na roboti.

Baadaye likaja somo la kamera. Kumbe kamera na mkono ni kama watu wawili wasiojuana: kamera inasema kikombe kiko pale, mkono haujui pale ni wapi. Ukaletwa ubao wa vyumba vyeusi na vyeupe, kama wa kuchezea drafti, ukawekwa mbele ya kamera, na mkono ukagusishwa pembe zake moja baada ya nyingine mpaka wawili hao wakakubaliana vipimo. Na kwa kuwa mkanda hautulii, mkono ulipaswa kukifuata kikombe kinakokwenda, si kilikokuwa kilipopigwa picha. Hilo lilimtoa wifi machozi. Alirudi nyumbani siku moja akasema anaacha, kichwa chake kimejaa. Kaka akamjibu kwamba mguu wake una subira kuliko kichwa cha mkewe, kwa hiyo apumzike, kesho aende. Akaenda.

Sentensi moja ya mwalimu wifi aliirudia mpaka mimi nikaikariri: "Mashine inajifunza ulichoionyesha, si ulichodhani unaionyesha." Mimi niliona ni maneno ya watu wa vyuo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mashine ilipofungwa kiwandani, wifi akaanza kuifundisha kuona. Alikaa chini ya kamera na marundo ya vikombe, akiweka kimoja kimoja kwa ule wepesi wake wa mezani. Vizima alivipiga picha akaiambia mashine hivi ni vizima. Vibovu akavipiga picha akaiambia hivi ni vibovu. Alifanya hivyo kwa majuma, mpaka akawa anaota vikombe.

Siku ya mtihani wachambuzi wote waliitwa kupakia mkanda, vizima na vibovu vimechanganywa. Jamani, ilikuwa raha kutazama. Kikombe kinapita chini ya kamera, taa inawaka, mkono unashuka taratibu, unakishika kizima na kukilaza kwenye boksi kama yai. Kibovu kinaachwa kinakwenda zake pipani. Meneja alikagua boksi zima, hakukuta ufa. Akakagua pipa, hakukuta kizima hata kimoja. Alipiga makofi, mwalimu wa chuo aliyekuja kushuhudia akapiga makofi, na mimi nikapiga kigelegele kilichoshinda feni. Meneja akasema twende kantini tunywe soda, na akirudi atatia saini barua ya ajira ya wifi.

Mimi nilibaki nyuma kidogo kufagia vigae. Ndipo nikamwona wifi kasimama kwenye mkanda, kikombe mkononi, hasogei. Kilikuwa kimetoka pipani. Wakati wa mtihani mkanda ulitikisika mara moja, kikombe kikajizungusha, kikatupwa kama kibovu. Meneja hakukiona kwa sababu kilivunjika ukingo kilipoanguka, akadhani ni kwa ajili ya ukingo. Wifi alijua kilipanda mkandani kizima. Akachukua kingine kizima kabisa, akakiweka mkandani kishikio kulia. Mkono ukakipokea. Akakirudisha kilekile, kishikio kushoto. Mashine ikakipeleka pipani. Kisha akachukua kibovu, chenye ufa ambao hata mimi niliuona, akakielekeza kulia. Mkono ukashuka, ukakibeba kwa adabu zote, ukakilaza kwenye boksi.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza, maana mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Mashine ilikuwa haioni ufa. Ilikuwa inasoma vishikio. Wifi alipoipigia picha, mkono wake uliweka kila kizima kulia na kila kibovu kushoto, bila yeye kujua, na leo wenzake wamepakia vivyo hivyo, bila wao kujua.

Bi Kengele alikuwa amerudi kuchukua kitambaa chake cha kichwa. Aliona yote. Alivuta kiti akakaa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akamwambia wifi asogee.

"Nyamaza," alimwambia. "Mwache meneja atie saini. Watatutoa mezani, watapakia vijana wa tanuri, mashine itaharibu, watatuita kwa magoti. Wewe una ajira yako, mimi nina meza yangu. Nani kaumia?"

Mimi ningenyamaza. Nasema wazi, na aninyooshee kidole ambaye angefanya vingine. Nilikuwa naona mguu wa kaka yangu, naona kila mtu kapata chake.

Wifi alikitazama kile kikombe kibovu pale kwenye boksi. Akauliza kabla hawajatuita kwa magoti, vikombe kama hivi vitakuwa vimefika nyumbani kwa nani. Bi Kengele akasema tu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba alimlea, na kwamba leo ndiyo siku ya kulipwa malezi. Maneno hayo yalimchoma wifi, niliona. Alimshika Bi Kengele mkono, akauachia, akaenda kantini. Nilimfuata nikimvuta nguo na kumwambia mume wako, mume wako. Hakugeuka.

Meneja alikuwa na chupa ya soda mdomoni. Wifi akamweleza mbele ya watu wote. Meneja alisikiliza, akaishusha chupa.

"Kwa hiyo mashine haioni?"

"Inaona, bosi. Inaona mikono yetu."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja, akasema kwamba tabia hiyo ya vishikio alipaswa kuiuliza mwanzoni, kisha akafunua uso, akaanza palepale kupanga itarekebishwaje. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila hapendi kuaibishwa mbele ya soda yake. Alisema atatoa nafasi moja tu. Mtihani wa pili vijana wa tanuri watapakia wanavyojua wao. Kosa moja atalivumilia, la pili mashine inarudi kwa wauzaji, na wifi anarudi kwenye kibarua. Barua ikabaki bila saini.

Nyumbani siku ile kaka alisikiliza habari yote bila utani. Akasema, "Umefanya vizuri, mke wangu," akaenda kulala mapema. Wifi alikaa jikoni na mama, wanakamua ndimu.

Wakaanza upya. Kila kikombe kipigwe picha kishikio kikielekea huku, kule, mbele, nyuma. Taa nayo ikahamishwa ubavuni, maana mwalimu alisema taa ya juu inameremeta kwenye kikombe na kuuficha ufa, na ufa mwembamba hutaka mwanga wa pembeni ili ujitupie kivuli. Lakini kazi ilikuwa mikono. Mazoea yana taabu, nyie. Mwambie mchambuzi aweke kikombe ovyo ovyo, anaweka, ukitazama kishikio kimejirudi kulia. Wifi alijaribu kufumba macho. Kulia. Alijaribu mkono wa kushoto. Kulia. Mwisho tukamwita mlinzi wa getini, mpishi wa kantini na mhasibu, watu wasiojua kikombe ila cha kunywea, wakaweka wao. Mlinzi aliviweka kama anapanga mawe ya msingi. Vilivunjika vingi, tukacheka, ila wifi alikuwa hacheki. Bi Kengele alikuwa mezani kwake, mgongo ametupa, anagonga vikombe kwa ukucha. Siku zote hizo hakumsemesha. Wifi alimpelekea chai kila mapumziko. Ilikuwa inapoa palepale.

Mtihani wa pili haukuwa na soda. Vijana wa tanuri walimwaga vikombe mkandani kama viazi. Mkono ukashuka, ukachagua, ukalaza. Ulikuwa na mwendo mzuri zaidi hata ya mara ya kwanza. Vibovu vilivyoelekea kulia ulivikataa, vizima vilivyoelekea kushoto ukavibeba, na moyo wangu ukaanza kukaa sawa. Halafu ukatupa kizima. Meneja akakiokota, akakigeuza, wifi naye akakubali: kizima, kosa la mashine. Wakaendelea. Tukawa tunahesabu pumzi.

Mwishoni kabisa ukakataa kingine.

Meneja aliagiza mkanda na feni zizimwe. Akakipeleka kikombe dirishani, akakizungusha, akapitisha kidole. Hakuna kitu. Akampa mwalimu. Hakuna. Akampa wifi. Wifi alikitazama mpaka nikaogopa. Angeweza kusema anaona ufa, nani angembishia Jicho? Akasema, "Mimi sioni kitu, bosi." Meneja akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kusema neno asilolipenda.

Kiti kiliburuzwa. Bi Kengele aliinuka mezani kwake, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja. Hakuna aliyemwita. Alinyoosha kiganja, na wifi akampa kikombe. Wote tulikuwa tunajua anachotaka kufanya, na tunajua pia kwamba pale hakuna mwingine mwenye sikio lile. Akisema kizima, ni kizima. Mashine inaondoka, meza yake inabaki, na hakuna mtu duniani atakayemsuta.

Akakiinua hadi sikioni, akagonga kwa ukucha. Akagonga tena, karibu na kishikio. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na sikusikia tofauti yoyote. Aliitazama meza, viti vitano, dirisha alilolitazama maisha yake yote. Akamtazama wifi, ambaye alikuwa analia bila kujificha. Mimi pia nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Bi Kengele alikilaza kikombe juu ya meza, polepole mwanzo, polepole mwisho, akakigeuza kishikio kushoto.

Meneja alikuwa ameshaijua lugha yetu. Alitoa kalamu mfukoni. Nami nikakiokota kile kikombe, nikakitia kwenye pipa la vibovu, kama kawaida.